Nduthi haina cheni: gurudumu la nyuma linatokaje?

Sauti ndiyo iliyomwokoa mjomba. Alikuwa anapanda barabara ya Iten na BMW yake Jumamosi asubuhi, akasikia nyuma tak, tak, tak, kama kokoto iliyonasa kwenye tairi. Akapunguza mwendo. Pikipiki ikaanza kutikisa makalio kushoto kulia. Aliposimama kando na kuinama, bolti moja kati ya tano zinazoshika gurudumu la nyuma haikuwepo. Zile nne zilizobaki alizizungusha kwa vidole.

Siku mbili kabla ya hapo alikuwa ameokota msumari kwenye murram ya huku kwetu Kiplombe, akapeleka pikipiki gereji moja mjini. Wakatoa gurudumu, wakaziba pancha, wakarudisha. Kukaza ndiyo walisahau. Jina la gereji sitalitaja, lakini manze, kilomita chache zaidi na leo ningekuwa naandika tanzia.

Pikipiki ilirudi nyumbani juu ya pikapu. Mjomba akaapa kwamba gurudumu hilo halitaguswa tena na mtu asiyemjua, na mimi nikapewa kazi ya kushika tochi na kunyamaza. Hiyo ya pili ilinishinda.

Kwanza uelewe hii ni nduthi gani. Ni BMW R1200GS, ya familia ile ile na R1200GS Adventure waliyoendesha Ewan McGregor na Charley Boorman kwenye Long Way Down mwaka 2007, wakitoka Scotland hadi Cape Town na kupitia hapa Kenya. Mjomba aliinunua Nairobi kwa msafiri aliyechoka na safari. Ina zaidi ya kilo 200, na haina cheni.

Vijana wa steji yetu walipoona haina cheni walikuja wote kushangaa. "Sasa inasukumwa na nini?" mmoja akauliza. Jibu lake kila makanika wa matatu analijua: propela. Kuna chuma kinachozunguka ndani ya mkono wa nyuma, kina krosi zake, na mwishoni kuna difu ndogo yenye kraunwili na pinioni inayopindua mzunguko kuelekea gurudumu. Si uvumbuzi wa juzi. Pikipiki ya kwanza kabisa ya BMW, R32 ya mwaka 1923, ilitoka na propela, na hadi leo kampuni hiyo haijaiacha.

Uzuri wake kwa mtu wa nyumbani ni huu. Ukitoa gurudumu la nyuma la Boxer, unafungua nati, unachomoa ekseli, unahangaika na cheni, halafu ukirudisha unapima tena kama cheni imelegea au imebana na kama gurudumu limenyooka. Kwa hii GS, mkono wa nyuma ni mmoja tu, upande wa kulia. Difu na diski ya breki vinabaki kwenye mkono. Gurudumu linashikwa na bolti tano na linatoka upande wa kushoto, kama la Probox. Ndiyo, Probox. Pikipiki ya mamilioni, na tairi yake ni rahisi kutoa kuliko ya boda.

Tulianza baada ya eksosi kupoa kabisa, maana iko kushoto, pale pale unapofanyia kazi. Udongo wa Kiplombe mvua ikinyesha ni uji, kwa hivyo tuliweka ubao mpana chini ya stendi ya kati, tukaipandisha, tukatia gia ya kwanza ili gurudumu lisizunguke. Kabla ya kufungua chochote, mjomba alishika tairi juu na chini akaitikisa. Ikicheza wakati bolti zimekaza, bearing ya difu inakuambia kwaheri. Yetu, bolti nne zikiwa zimekazwa kwa muda, ilitulia tuli.

Vichwa vya bolti ni vya nyota ya pembe sita, na soketi yake ni T50. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanapiga allen key ndani kwa nyundo. Bolti zetu mbili zilikuwa zimetafunwa hivyo hivyo. Ya mwisho ikikaribia kutoka, weka mguu au kipande cha mbao chini ya tairi, la sivyo uzito wote utaning'inia kwenye nyuzi za bolti moja. Eksosi ilitubania kidogo, tukalegeza klempu yake, tukalaza gurudumu upande, likatoka.

Kilichofuata sitakisahau. Mjomba alipiga magoti akaingiza kidole kwenye kila tundu la gurudumu, polepole, kama daktari. Bolti zikilegea na pikipiki iko mwendoni, tundu linaweza kupanuka likawa na umbo la yai, na gurudumu likifika hapo ni la kutupa. Nne zilikuwa safi. Ya tano ilikuwa na mkwaruzo ambao ukucha haukunasa. Akapumua. Bolti zote tano akaagiza mpya, zikaja na basi kutoka Nairobi.

Wakati wa kurudisha, kijana mmoja wa steji alileta grisi kwa roho safi. Mjomba akamwambia, "Hapana, kijana wangu, hapa ni kitambaa tu." Mahali gurudumu linapokutana na difu panatakiwa pawe pakavu na pasafi. Grisi kwenye bolti nayo inakudanganya: inateleza, unakaza kupita kiasi ukidhani ni sawa. Bolti zote tano zinaanzwa kwa mkono, kisha zinakazwa kwa kurukaruka, moja ndiyo, inayofuata siyo, kama unachora nyota.

Kipimo ni Newton mita 60. Spana ya kupima nguvu hatukuwa nayo. Nikakumbuka Fizikia ya kidato cha pili: kilo 12 zikining'inia nusu mita kutoka kwenye bolti ni karibu Newton mita 59. Tukapima jerikani yenye maji kwa mizani ya duka jirani hadi ikasoma 12, tukapima sentimita 50 kwenye bomba, tukalilaza likielekea nyuma ya pikipiki, tukaitundika jerikani polepole. Bolti ikajikaza kidogo, ikasimama. Tano zote hivyo.

Jumatatu tuliendesha taratibu hadi kwa jamaa wa tairi mjini mwenye spana ya kipimo. Akaiweka 60, akavuta kila bolti. Klik. Klik. Hakuna hata moja iliyosogea. Usitumie jerikani kama una spana hiyo, lakini jerikani ni bora kuliko kubahatisha.

Jioni yake yule kijana wa grisi alifika na Boxer yake na jerikani tupu mkononi. "Anko, nati ya ekseli yangu ni maji lita ngapi?" Mjomba akamwambia arudi na kitabu cha pikipiki kwanza. Hajarudi bado. Anasema kitabu alikiacha kwa aliyemuuzia.