Kipini, Ndewe na Cheo cha Mtu

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walinena kwamba uungwana ni vitendo. Neno hili twalisema kila siku, barazani na jikoni, wala hakuna asiyelijua. Lakini mtu akipita njiani na kipini puani, au tundu mdomoni, au vipuli vitatu katika sikio moja, neno hilo twalisahau papo hapo. Macho hukimbilia kwenye tundu, na kabla mwenyewe hajatoa salamu tumekwisha kumpa ukoo, kabila, kazi na hata tabia.

Utawasikia wengine wakisema, "Yule si mtu wa maana, hebu mtazame pua." Na kesho yake hao hao watamsifu binti mwingine mwenye kipini kama kile kile, kwa kuwa babake ana duka kubwa au kwa kuwa yeye mwenyewe ametoka masomoni. Tundu ni lile lile, na nyama iliyotobolewa ni ile ile. Basi kinachohukumiwa hasa ni kitu gani?

MATUNDU SITA YA BINTI WA SULTANI

Tuanze na waliokuwa juu kabisa. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa Unguja mwaka wa 1844. Baadaye alihamia Ujerumani, na mwaka wa 1886 kitabu cha kumbukumbu zake kilichapishwa huko. Humo alieleza kwamba mtoto wa kike wa nyumba yao alitogwa masikio akiwa na siku saba tu, kwa sindano na uzi wa hariri nyekundu, na kwa kawaida kila sikio lilipata matundu sita. Kidonda kikishapona, mtoto alivishwa pete za dhahabu masikioni.

Matundu sita kila sikio! Leo msichana akitokea mjini na nusu ya hayo, wazee huguna na kusema ameiga Wazungu. Kumbe bibi zetu walimtangulia zamani.

Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Tundu la sikio lina jina lake, ndewe. Kitendo cha kulitoboa kina neno lake, kutoga. Pambo la duara linaloingia katika ndewe ni jasi, linaloning'inia ni kipuli, dogo la puani ni kipini, na pete ya puani ni hazama. Watu hawatungi maneno mengi namna hiyo kwa jambo la kupita. Kutoga masikio kulikuwa sehemu ya malezi ya mtoto wa kike, na nyumba nyingi zilikuwa na bibi mmoja mwenye mkono mwepesi aliyeitwa kwa kazi hiyo, na sindano yake, uzi wake na mafuta yake ya nazi.

Kwa kuwa tundu lilikuwa la wote, mji ulitafuta njia nyingine ya kuwatenga watu, ikawa kutazama kilichotiwa ndani yake. Mwenye nacho alivaa dhahabu ya sonara. Wa kadiri alivaa fedha. Asiyekuwa nacho alisokota karatasi za rangi akazipachika katika ndewe zake, na picha za kale zilizopigwa Unguja zawaonyesha wasichana wenye masikio yaliyojaa visokoto hivyo kutoka juu hadi chini. Ukizitazama picha hizo huoni huzuni wala aibu. Waona watu waliotaka kupendeza kwa walichokuwa nacho.

Tusisahau pia kwamba dhahabu ya sikioni haikuwa ya kujionyesha tu. Ilikuwa akiba ya mwanamke, mali yake mwenyewe, ya kuuzwa au kuwekwa rehani siku mume amefilisika au mtoto ni mgonjwa. Kwa hiyo aliyevaa karatasi hakukosa pambo peke yake, alikosa na kinga ya siku mbaya. Huo ndio uzito wa cheo, nao haukuwa katika tundu.

MJAKAZI NA BIBI YAKE

Zama za utumwa, vazi lilikuwa mpaka. Desturi ilimkataza mjakazi kujisitiri na kujipamba sawa na bibi yake, ili mtu akiwaona njiani awatambue mara moja. Sheria ilifuta utumwa Unguja mwaka wa 1897, na hapa pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Katika miaka iliyofuata, wanawake waliokuwa wajakazi, na mabinti zao, walivaa leso, wakavaa buibui, wakatia na mapambo masikioni. Wako waliowacheka na kusema wanajifanya waungwana. Lakini wao walijua wanalofanya. Mtu aliyenyimwa jambo kwa sababu ya kuzaliwa kwake, siku ya kuruhusiwa hulifanya mchana kweupe.

Kulikuwa na alama nyingine ambazo hazikuweza kuvuliwa. Wengi waliouzwa pwani walitoka kusini, miongoni mwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na Wamakonde. Walikuja na chale za kwao usoni, na baadhi ya wanawake walikuja na ndonya, yaani kile kigingi kinachovaliwa katika mdomo wa juu uliotobolewa. Kwao ndonya ilikuwa uzuri na heshima, na mwanamke asiyekuwa nayo ndiye aliyeonekana amepungukiwa. Hapa mjini ikapewa jina moja tu, ushenzi.

Hebu msomaji apime. Tundu la sikio liliitwa ustaarabu, na tundu la mdomo likaitwa ushenzi. Sindano ni ile ile na damu ni ile ile. Tofauti ni kwamba la kwanza lilikuwa la wenye mji, na la pili lilikuwa la waliofikishwa mjini kwa nguvu. Wakoloni nao walipokuja hawakufanya tofauti. Walizikuta ndewe pana za watu wa bara, Wakikuyu, Wamasai na wengineo, wakaziita ushenzi kama sisi tulivyoiita ndonya. Wako wanaume waliokwenda kushonwa masikio ili wasichekwe na mabwana wapya. Aliyekuwa akicheka naye akachekwa.

WAMAKONDE WA KWALE

Jambo hili halikwisha na wakoloni. Tangu miaka ya 1930 Wamakonde wengi walivuka kutoka Msumbiji na kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa huku pwani, na wengine waliishi kwa kuchonga vinyago. Walioa, wakazaa, wakazika wafu wao Kwale. Wako Waislamu kati yao, wanaosali nasi safu moja. Lakini miaka nenda, miaka rudi, walihesabiwa wageni. Bila kitambulisho hawakuweza kupata kazi ya maana wala kufungua akaunti ya benki, na watoto wao walikwama masomoni.

Hatuwezi kusema kwamba ndonya na chale ndizo zilizowanyima karatasi. Hayo yalikuwa mambo ya sheria na serikali. Lakini wazee wao walikuwa na alama ambazo kila jirani alizisoma kuwa za kigeni, na mtu ambaye uso wake wahesabiwa wa kigeni hapati watu wengi wa kumtetea. Mwezi wa Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Ndipo ikaamriwa wapewe vitambulisho, na mwaka wa 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Kufikia wakati huo vijana wao walikuwa hawavai ndonya tena. Desturi ilikuwa imekwisha kufa, lakini dharau yake ilikuwa hai.

DINI YASEMAJE

Wako wanaotia dharau hii katika mfuko wa dini, nao yafaa wajibiwe kwa dini.

Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba siku ya Idi Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwahimiza wanawake watoe sadaka, nao wakavua vipuli na pete zao na kuvitia katika nguo ya Bilal. Wanavyuoni wengi wameichukua habari hiyo kuwa dalili kwamba kutoga masikio kwa wanawake kulikuwako na hakukukatazwa. Lakini hawakuwa wote wa rai moja. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka wa 1111, aliona katika Ihyaa kwamba si halali kumjeruhi mtoto wa kike kwa ajili ya pambo tu. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka wa 1350, alimruhusia mtoto wa kike na akamchukizia wa kiume. Ama kuhusu pua, wako waliokataza na wako waliotazama desturi ya mahali.

Msomaji aangalie vyema. Mabwana hawa walijadili maumivu, pambo na desturi. Hawakuwa wakipima nani mtoto wa nani. Na Sura ya Al-Hujurat, katika aya ya 11, yawakataza watu kudharauliana na kupeana majina mabaya, kisha aya ya 13 yaeleza kwamba mbora mbele ya Mwenyezi Mungu ni mchamungu zaidi. Mwenye kutaka kukosoa kipini ana nafasi katika elimu. Mwenye kutaka kumdharau aliyekivaa hana.

KIPINI MBELE YA MAJAJI

Kipini si chetu peke yetu. Chavaliwa pande zote za bahari hii, India, Arabuni na hata Afrika Kusini. Huko Durban msichana mmoja wa asili ya Kihindi Kusini alifika shuleni na kipini cha dhahabu. Shule ikasema kanuni ya sare haikiruhusu. Mamake akaeleza kwamba ni desturi ya ukoo wao, binti akibaleghe hutiwa kipini. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Katiba, na Oktoba 2007, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Pius Langa, mahakama ikaamua kwamba kumnyima ruhusa ile kulikuwa ubaguzi usio wa haki.

Lililo muhimu ni hili. Msichana hakudai kwamba dini yake ilimlazimisha. Ilikuwa mila, na kwa hiari yake. Hata hivyo mahakama iliona kwamba mila ya mtu nayo yastahili kulindwa. Nchi hiyo ilikuwa imeonja kwa miaka mingi uchungu wa kumpima mtu kwa ngozi yake, ikaona haifai sasa kumpima kwa tundu la pua.

VIJANA WETU

Yabaki suala la vijana wa kiume wenye hereni. Hapa dini ina neno lake, nalo ni zito, kwani imepokewa hadithi ya kuwalaani wanaume wajifananishao na wanawake. Mzazi akimkataza mwanawe, yuko katika haki yake.

Lakini tusichanganye mawili. Kumwambia kijana "hili halifai" ni nasaha. Kumwita mwizi ni uzushi. Na sote twajua ni yupi aitwaye mwizi. Kijana wa mtaa wa mabati akivaa hereni huitwa mhuni, akaogopwa dukani na kufukuzwa barazani, na posa yake ikarudishwa kabla haijasomwa. Mwana wa tajiri akirudi kutoka ng'ambo na hereni ile ile, husemwa kwamba ujana una mambo yake, na wazee wakaenda kula pilau ya harusi yake. Kama kosa ni hereni, basi ni kosa kwa wote wawili. Na kama wa pili asamehewa kwa mali ya babake, basi wa kwanza hakuhukumiwa kwa hereni. Amehukumiwa kwa umaskini.

Wala hasara si ya kijana peke yake. Aliyekwisha kuitwa mhuni kila apitapo hana sababu ya kurudi msikitini kusikiliza nasaha. Tumemfunga mlango, kisha twashangaa kwa nini yuko nje.

Waswahili walisema pia kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo yatuonya tusidanganywe na urembo wa nje. Yafaa ituonye vile vile tusidanganywe na alama ya nje tusiyoipenda. Anayekuja kuposa, anayeomba kazi, anayetaka kupanga chumba, na aulizwe amana yake, kazi yake na jinsi anavyoishi na jirani. Hayo ndiyo vitendo, na hayo ndiyo uungwana walioutaja wahenga. Ndewe yake ina nini ndani, dhahabu au karatasi, hilo ni shauri lake na sonara wake.