Taa Imelipiwa, Jiko Limesahauliwa

Msafiri atokaye Nairobi kupitia Thika na Mwingi hufika Madogo kabla tu ya kuvuka daraja la Mto Tana. Upande huu ni kaunti ya Tana River, ng'ambo ni Garissa. Jua likizama, taa za stima na za sola huwaka madukani, na nyuma ya nyumba moshi wa kuni hupanda. Taa hizo zina wizara, wafadhili, mikataba na tarehe za kuzinduliwa. Moshi ule hauna mwenyewe.

Nchi za baridi huliweka joto la nyumba kwenye bajeti ya serikali. Uskoti ilianza mwaka 2001 mpango wa kuwawekea wazee wa miaka 60 na zaidi mifumo ya kupasha nyumba nzima joto, pamoja na vizuizi vya joto kutoroka ukutani na ushauri wa kupunguza gharama. Madogo, ambako joto la mchana hufika nyuzi 35 na zaidi, haihitaji nyumba kupashwa. Joto linalotafutwa hapa ni la kuivisha ugali, chai na mchele. Hata hivyo mpangaji wa sera wa Edinburgh, Uskoti, na wa Hola, makao makuu ya Tana River, wanakabiliwa na swali lile lile: familia isiyo na uwezo itapataje joto salama kila siku, na nani atalipa?

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Mpango wa nishati ya nyumbani nao una mafiga matatu: kifaa, nishati ya kukitumia kila siku, na mtu wa karibu wa kukiuza na kukitengeneza. Miradi mingi tuliyoona imenunua figa la kwanza na kuondoka.

Hesabu ya jikoni

Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa KOSAP, ulionuia kupeleka sola katika kaunti 14 zilizo mbali na gridi ya taifa. Tana River na Garissa zimo. Kaunti hizo zinachukua asilimia 72 ya ardhi yote ya Kenya na asilimia 20 ya watu wake, na hapo ndipo ugumu ulipo: nyaya ndefu, wateja wachache.

Fedha ziligawanywa hivi: dola milioni 40 kwa gridi ndogo za sola, milioni 42 kwa mitambo ya sola ya nyumba moja moja, milioni 40 kwa pampu za maji na majengo ya umma, na milioni 22 kwa usimamizi. Majiko bora yalitengewa milioni 6. Yaani katika kila dola 100 za mradi, jiko lilipata dola 4.

Sasa tupime mahitaji yenyewe. Mtambo mdogo wa sola wa wati 20, ukipata jua kali kwa saa 5, hutoa takriban yuniti 0.1 ya stima kwa siku. Inatosha kuwasha balbu chache na kuchaji simu. Familia ya watu watano ikiamua kupika kwa stima, hata kwa sufuria zisizopoteza joto, itatumia yuniti 1 hadi 2 kwa siku. Kwa hiyo jiko linakula nishati mara 10 hadi 20 ya ile ya taa. Fedha zilikwenda kwenye sehemu ndogo ya mahitaji, na sehemu kubwa ikaachiwa mgongo wa mwanamke anayebeba kuni.

Sensa ya 2019 inaonyesha pengo hilo nchi nzima. Asilimia 50.4 ya kaya zilitumia stima ya gridi kwa mwanga na asilimia 19.3 zilitumia sola. Hapo sera ilifanya kazi. Kwa upande wa mapishi, asilimia 55.1 zilitegemea kuni, 11.6 makaa na 7.8 mafuta taa. Gesi ilikuwa na asilimia 23.9. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Bajeti isiyouona moshi huo huishia kulipa gharama yake hospitalini.

Sheria yenyewe ina upofu huo. Kifungu cha 204 cha Katiba kiliunda Hazina ya Usawazishaji, inayopewa nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka kwa ajili ya maeneo yaliyotengwa. Huduma zilizotajwa ni maji, barabara, vituo vya afya na stima. Orodha ya kwanza ya kaunti zilizostahili ilikuwa na majina 14, na ndiyo majina 14 ya KOSAP. Nishati ya kupikia haikuandikwa.

Funzo la Bura

Tana River imewahi kupangiwa kuni na serikali. Mradi wa unyunyizaji wa Bura, kusini mwa Madogo, ulibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Benki ya Dunia, na lengo lilikuwa hekta 6,700. Wapangaji walijua kwamba maelfu ya walowezi wakifika watahitaji kupika, na kwamba msitu mwembamba wa kando ya mto, makao ya kima adimu waliotengewa hifadhi mwaka 1976, ungemalizwa kwa shoka. Kwa hiyo mashamba ya miti ya kuni yakaingizwa katika mpango, na baadaye Finland ikasaidia. Wachache waliwahi kuliona jiko mapema hivyo, na wanastahili heshima kwa hilo.

Kosa lilikuwa kuzifunga kuni kwenye bomba la maji. Gharama za mradi zilipanda, eneo lililolimwa likabaki karibu hekta 2,500, na pampu za kuvuta maji ya Tana zikazorota mwishoni mwa miaka ya 1980. Miti iliyotegemea unyunyizaji ikapoteza mlezi. Mti uliobaki ni ule usiohitaji kumwagiliwa: mathenge. Ulipandwa Bamburi mwaka 1973, ukafika Bura na Hola mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo umefunga njia za mifugo na kuvamia malisho na mashamba ya kando ya mto.

Jirani, kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab, mradi wa kugawa kuni ulianzishwa mwaka 1998 ili kuwapunguzia wanawake hatari ya kubakwa wakiwa porini. Tathmini ya 2001 ilikuta kwamba kuni zilizogawiwa zilitosheleza karibu theluthi tu ya mahitaji. Theluthi mbili zilizobaki ziliendelea kutafutwa kule kule kwenye hatari. Nishati ya nyumbani isipotosha, familia hurudi ilikotoka.

Soko lililopo

Biashara ya moto Madogo haikusubiri serikali. Mchomaji makaa humuuzia mwenye bodaboda au lori, lori humuuzia mwenye duka, na mama wa nyumbani hununua kwa kopo. Kila hatua ina faida yake ndogo, na kila hatua hulipwa taslimu. Hasara kubwa iko mwanzoni mwa mnyororo: tanuri la udongo la kienyeji hutoa kilo 10 hadi 20 za makaa kwa kila kilo 100 za mti. Tanuri bora lingeongeza mavuno bila kukata mti mwingine hata mmoja.

Serikali imelishughulikia soko hili kwa marufuku zaidi ya uwekezaji. Kanuni za Makaa za 2009 ziliwataka wachomaji wajiunge katika vyama. Februari 2018 ukataji miti katika misitu ya umma ulisimamishwa, na Julai 2023 zuio likaondolewa. Katika miaka hiyo yote mathenge uliendelea kuota. Mti ambao mfugaji anataka ung'olewe ndio kuni ambazo jirani yake anazihitaji. Chama cha wachomaji chenye tanuri bora na kibali cha mathenge peke yake kingeweza kusafisha malisho na kuipa Madogo makaa ya bei nafuu hadi gesi na stima ya kupikia ziwe rahisi kupatikana.

Mtungi wa pili

Kwa gesi, Kenya imejaribu mara kadhaa. Mradi wa Gesi Yetu wa Shirika la Mafuta la Taifa ulinuia kuuza seti ya mtungi wa kilo 6 na kichomeo chake kwa Sh2,000. Ulikwama baada ya mitungi mingi kukutwa na kasoro. Kodi nayo imekuwa kama bembea: VAT ya gesi iliondolewa 2016, ikarudi kwa asilimia 16 mwaka 2021, ikashushwa hadi 8 mwaka 2022, na ikaondolewa tena 2023. Mfanyabiashara mdogo hawezi kupanga stoo kwa sera inayogeuka namna hiyo.

India ilitangulia na funzo lake ni kubwa. Mpango wa Ujjwala, uliozinduliwa Mei 2016, ulifikisha mitungi kwa kaya milioni 80 kufikia Septemba 2019, kila moja kwa jina la mwanamke. Baada ya hapo ikaonekana kwamba mtungi wa kwanza ulifika lakini wa pili haukununuliwa. Familia nyingi zilirudi kwenye kuni, na mwaka 2022 serikali ikaongeza ruzuku ya rupia 200 kwa kila mtungi unaojazwa. Mwaka uliofuata ikapandishwa hadi 300.

Huko Madogo tatizo litakuwa lile lile. Kujaza mtungi wa kilo 13 kumegharimu karibu Sh3,000 katika miaka ya karibuni, na familia ya watu watano ikipikia gesi peke yake huumaliza ndani ya mwezi mmoja hivi. Hiyo ni Sh100 kwa siku. Kibarua anaweza kupata Sh100 leo, lakini kushika Sh3,000 mkononi kwa wakati mmoja ni jambo jingine. Makaa yanamshinda mwenye gesi kwa sababu yanauzwa kwa kopo. KopaGas ya Tanzania ililielewa hilo mapema, ikaweka mita kwenye mtungi ili mteja alipe kidogo kidogo kwa simu. Teknolojia hiyo iliuzwa 2020 kwa Circle Gas na ndiyo iliyoizaa M-Gas nchini Kenya. Haba na haba hujaza kibaba, na bei ya gesi lazima ikubali kibaba.

Barabara nayo ni sehemu ya bei. Novemba 2023 na tena Aprili 2024, mafuriko ya Tana yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa. Mpango wa gesi usio na ghala upande huu wa mto utazimika kila mto unapofurika.

Nani apange, nani alipe

Jukumu limeandikwa. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti usambazaji wa stima na gesi, na Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati. Serikali kuu nayo ilitoa mwaka 2024 mkakati wa kufikisha mapishi safi kwa kila Mkenya ifikapo 2028.

Tufanye hesabu ya mfano. Tana River ilikuwa na kaya takriban 68,000 katika sensa ya 2019. Kila kaya ikisaidiwa Sh6,000 ya kifaa, kiwe jiko bora la makaa, seti ya gesi au sufuria ya stima, jumla ni Sh408 milioni. Kila kaya ikipewa ruzuku ya Sh500 kwa mwezi kwa nishati yenyewe, jumla kwa mwaka ni Sh408 milioni hizo hizo. Kwa hiyo anayepanga kifaa bila nishati ya kila mwezi amepanga nusu ya kazi. Sh408 milioni ni karibu asilimia 3 ya gharama ya mtambo wa sola wa megawati 50 wa Garissa, uliozinduliwa Desemba 2019 kwa zaidi ya Sh13 bilioni. Nchi iliyoweza kukopa kwa ajili ya mtambo ule haiwezi kusema jiko la Madogo linaishinda.

Fedha za kifaa zinaweza kutoka kwa wafadhili, kwa kuwa hutolewa mara moja. Ruzuku ya kila mwezi inahitaji chemchemi ya kudumu, na Hazina ya Usawazishaji ingefaa kama Bunge litakubali kwamba nishati ya jikoni ni sehemu ya huduma ya msingi. Muda hausubiri: hazina hiyo inamalizika miaka 20 baada ya Katiba kuanza, yaani 2030. Figa la tatu, yule muuzaji na fundi, linahitaji mkopo wa riba nafuu. KOSAP ulipangwa kulipa kampuni baada ya mauzo kuthibitishwa. Utaratibu huo unalinda fedha za umma, lakini mwenye duka la Madogo asiye na mtaji wa kusubiri malipo hubaki nje, na kampuni kutoka Nairobi huuza na kuondoka. Jiko likiharibika, hakuna wa kulishughulikia.

Kila mwaka kabla ya mwisho wa Februari, kaunti huwasilisha waraka wake wa mkakati wa fedha, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Kwenye kikao kijacho Madogo, watu wataomba barabara, maji na stima, na wana haki. Mmoja wao ainuke aulize: jiko limetengewa shilingi ngapi mwaka huu, na ngapi mwaka ujao? Jibu likiwa na takwimu mbili, chungu kitakaa juu ya mafiga yake.