Usiiache Chapati Kabla ya Kipimo

Mtu anaweza kushinda kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, Kibosho au Marangu mkoani Kilimanjaro kutwa nzima, akala akashiba, na ngano isipite kinywani mwake. Mtori ni ndizi na nyama, machalari vivyo hivyo, kiburu ni ndizi na maharage. Mbege ni ndizi na ulezi, na ulezi hauna gluteni, kama ambavyo mahindi, mchele na mtama havina. Gluteni, protini inayolifanya donge la chapati livutike bila kukatika, imo kwenye ngano, shayiri na rai.

Kwa mwenye ugonjwa wa seliaki, mapishi hayo ni neema. Kwa daktari anayeutafuta ugonjwa huo, yanaweza kuuficha.

Katika seliaki, kinga ya mwili ya mtu aliyerithi jeni fulani huichukulia gluteni kama adui, kisha ikaugeukia utumbo mwembamba wenyewe. Vinundu vidogo mno vinavyofyonza chakula hulika mpaka ukuta wa utumbo ukawa bapa. Mgonjwa huharisha, tumbo hujaa gesi, mtoto hudumaa. Wengine hawana dalili ila upungufu wa damu usiokoma hata wakimeza vidonge vya madini ya chuma. Kipimo cha damu hakitafuti gluteni. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza kwa sababu gluteni inaingia. Ikiacha kuingia, kingamwili hupungua kwa wiki na miezi, na utumbo nao huanza kupona. Ukipimwa wakati huo, karatasi itasema huna ugonjwa, na kumbe unao.

Ndizi zenyewe zimo katika historia ya ugonjwa huu. Mwaka 1924 Sidney Haas, daktari wa watoto wa New York, alitangaza kwamba watoto wenye seliaki hupata nafuu wakilishwa ndizi kwa wingi, huku wakinyimwa mkate, viazi na nafaka. Nafuu ilikuwa ya kweli. Sababu ndiyo aliyoikosa: sifa zote alizipa ndizi, wakati kilichowaponya ni mkate ambao hawakula. Ni Willem Dicke wa Uholanzi aliyeonyesha, katika tasnifu yake ya mwaka 1950, kwamba mkosaji ni ngano. Wakati wa njaa ya majira ya baridi ya 1944–45, mkate ulipoadimika, wagonjwa wake wadogo walipata nafuu. Uliporudi, wakaugua tena. Haas angekuwa Machame, huko huko Kilimanjaro, angezungukwa na ushahidi wa kumthibitishia kosa lake.

Basi mgonjwa ale kiasi gani? Miongozo ya tiba ya taasisi ya NICE ya Uingereza inataka gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa wiki 6 au zaidi kabla ya kupimwa. Kwa aliyeacha na ambaye ngano inamtesa, utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba gramu 3 za gluteni kwa siku kwa wiki 2 zinatosha kuonyesha madhara kwa watu wazima wengi. Tuhesabu kwa chapati. Unga wa ngano una protini kama asilimia 10, na sehemu kubwa ya protini hiyo ni gluteni. Chapati moja ya gramu 60 za unga ina gluteni ya gramu 4 au 5. Chapati asubuhi na vipande viwili vya mkate jioni vinatosha kabisa. Andazi la Jumapili baada ya ibada halitoshi.

“Lakini daktari, ngano ndiyo inayoniumiza.” Ndiyo, mama, na ndiyo maana hatua hii hufanywa chini ya uangalizi, hasa kwa mtoto au mjamzito. Maumivu yakizidi, daktari huwahisha vipimo. Anayevimba midomo au kubanwa pumzi akila ngano ana mzio, si seliaki, naye asijaribu kabisa.

Wapo wanaosema seliaki ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1999 ilichapishwa taarifa ya watoto wa Saharawi waliopimwa katika kambi za wakimbizi Algeria: zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao. Hata hivyo Moshi kuna vitu vingine vya kufikiria kwanza: giardia, minyoo, kifua kikuu cha tumbo, VVU. Giardia nayo huweza kuubapaza utumbo, ndiyo maana kinyama cha utumbo kinachochukuliwa kwa kamera husomwa pamoja na majibu ya damu. Kipimo cha jeni hakitegemei ulichokula. Kikisema huna jeni hizo, seliaki karibu inaondolewa kabisa.

Kinyama kikishachukuliwa, muulize daktari siku hiyo hiyo kama unaweza kuacha ngano. Ukiruhusiwa, anza kwa kuukagua mfuko wa unga wa lishe wa uji: baadhi huchanganywa ngano, na mashine ya mtaani iliyosaga ngano ya jirani ndiyo hiyo hiyo itakayosaga ulezi wako.