Usingoje Matanga Ndipo Umpeleke Mwanao Kisii

Mzazi mpendwa, wewe unayesoma ukurasa huu ukiwa Nairobi, Mombasa au Nakuru, hebu jiulize maswali mawili. Mara ya mwisho mwanao kufika kwa nyanya yake ilikuwa lini? Na je, mlikwenda kufanya nini?

Kwa wengi wetu jibu la swali la pili ni matanga. Gari lilikodiwa usiku, watoto wakaamshwa wakiwa bado na usingizi, mkafika alfajiri kwenye boma lililojaa watu wanaolia. Mkazika, mkala, na kabla jua halijatua mlikuwa tayari njiani kurudi jijini. Mtoto aliyepelekwa mashambani mara tatu kwa njia hiyo hana makosa akiamini kwamba huko ni mahali pa kuzikia watu. Hajapata kuona kwamba ni mahali pa kuishi.

Leo tunakuomba ubadilishe jambo hilo likizo ijayo, na tutakuonyesha njia kwa kutumia kaunti mbili jirani: Kisii na Nyamira. Kama kwenu ni huko, vyema. Kama kwenu ni kwingine, nenda vilevile, kwani Kisii ni mji uliochangamka ambao familia yoyote inaweza kuuzuru hata kama haina shamba wala jamaa huko. Tembea uone, walisema wahenga.

NJIA NAYO NI DARASA

Kutoka Nairobi hadi Kisii kupitia Narok ni zaidi ya kilomita 300. Watoto wengi huzimaliza wakiwa wamelala au wameinamia simu. Usikubali. Mketishe mwanao karibu na dirisha, umpe daftari na kalamu, kisha umpe kazi: aandike kila kinacholimwa au kufugwa kando ya barabara, na mahali kinapobadilika.

Hatakosa la kuandika. Mnaposhuka Bonde la Ufa ataona Mlima Longonot na, karibu na Mai Mahiu, kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Kisha zinafuata nyanda kavu za Wamaasai na mifugo yao. Mkishapita mji wa Narok, ni mashamba makubwa ya ngano. Mkikaribia Sotik, nchi inageuka kijani na majani chai yanaanza kutandaza zulia lake.

Halafu, mkivuka soko la Chebilat na kuelekea Keroka, mwambie afungue macho zaidi. Mashamba yamekuwa madogo ghafla. Migomba, mahindi, chai, ng'ombe mmoja aliyefungwa kamba na nyumba ya mabati, vyote vimebanana juu ya kipande kimoja cha mlima. Akikuuliza sababu, usimnyamazishe. Mwambie kwamba nchi hii ya juu hupata mvua karibu mwaka mzima na udongo wake una rutuba, kwa hivyo watu walijaa. Shamba lililokuwa la babu mmoja liligawiwa wanawe, nao wakawagawia wana wao, hadi likabaki ukanda. Wengine ikawabidi wafunge virago kutafuta riziki mijini.

Kama wewe ni mwenyeji wa huko, basi hapo umemweleza mwanao, kwa mara ya kwanza pengine, kwa nini anaishi jijini.

MJI WA MILIMA NA MAKELELE

Mtoto wa Nairobi hudhani kwamba nje ya Nairobi hakuna mji. Kisii itamwondolea dhana hiyo dakika tano za kwanza. Mji umekaa kama ndani ya bakuli, umezungukwa na vilima, kile cha Nyanchwa kikiuchungulia kutoka juu. Barabara hupanda na kushuka. Matatu, bodaboda, mikokoteni na akina mama wenye mikungu ya ndizi hugombania nafasi ile ile, na kila mmoja anaamini kwamba ni zamu yake kupita.

Wenyeji huuita mji huo Getembe. Jina lingine ni Bosongo, yaani kwa Wazungu, kwa sababu ndipo watawala wa kikoloni walipoweka kituo chao mwanzoni mwa karne iliyopita. Hawakupokewa kwa maua. Mwezi Januari 1908, kijana aliyeitwa Otenyo Nyamaterere alimchoma kwa mkuki afisa wa Kiingereza, Geoffry Northcote. Serikali ilijibu kwa kutuma askari waliochoma nyumba na kuteka ng'ombe. Wazee husimulia kwamba Otenyo aliuawa na kichwa chake kikapelekwa Uingereza. Northcote alipona, akaishi hata kuwa gavana wa Hong Kong mwaka 1937. Miaka sita baada ya mkuki ule, tarehe 12 Septemba 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana papo hapo Kisii katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanafunzi anayedhani historia ilitokea Ulaya peke yake atashangaa kuambiwa kwamba anaikanyaga.

Baada ya historia, nendeni soko la Daraja Mbili. Humo utafanya jambo ambalo wazazi wengi wa jijini huliogopa: mpe mtoto pesa, simama kando, mwache anunue mwenyewe. Mtume vitu vitatu, sema ndizi, maparachichi na fungu la mboga. Sharti liwe kwamba atarudi na chenji na vilevile na majina ya vitu hivyo kwa Kikisii. Atajifunza kwamba ndizi ni amatoke, na kwamba ile mboga chungu kidogo ambayo kwa Kiswahili ni mgagani, huku ni chinsaga, nayo ina heshima yake mezani. Atajifunza pia kupatana bei, maana katika duka kuu la jijini bei imebandikwa na hakuna wa kuzungumza naye.

Ikiwa timu ya Shabana iko nyumbani, mpelekeni Gusii Stadium. Timu hiyo, ambayo mashabiki huiita Tore Bobe, ilirejea Ligi Kuu mwaka 2023 baada ya kukaa nje miaka mingi. Hata asiyejua kandanda atakumbuka nyimbo za jukwaani.

BABA NI MAMA

Sasa tufike nyumbani kwa nyanya, na hapa ndipo penye uzito wa safari yenyewe.

Mtoto anayejua Kiswahili tu atapigwa na butwaa siku ya kwanza. Atamsikia mtu mzima mwenye ndevu akimwita mama yake “baba”. Asicheke. Kwa Kikisii, mama ndiye baba, na baba ni tata. Nyanya ni magokoro, na babu ni sokoro. Maneno hayo manne peke yake yanamtosha kuanza mazungumzo, na yanamfunza kwamba kila lugha ina mantiki yake.

Wako wazazi wanaosema watoto watajifunza lugha ya nyumbani “wakikua”. Hawatajifunza. Lugha hufuata mdomo unaoizungumza, na midomo inayoizungumza vizuri zaidi ni ya watu wenye umri wa miaka 70 na 80. Kila mwaka tunaouahirisha, tunamnyima mtoto mwalimu ambaye halipwi karo wala haandikiwi barua ya ajira.

Kuna jambo jingine. Katika desturi za Wakisii, mzazi na mtoto wake mkubwa wana mipaka ya heshima kati yao, ambayo huitwa chinsoni. Yako mambo ambayo wewe huwezi kumuuliza mama yako hata ukiwa na mvi. Lakini mjukuu na nyanya huruhusiwa kutaniana na kuulizana waziwazi. Kwa hivyo mwanao anaweza kumuuliza magokoro jinsi alivyoposwa, wakati wa njaa walikula nini, kwa nini ndugu fulani hazungumzwi nyumbani. Majibu ambayo umeyangoja maisha yako yote yanaweza kutolewa jikoni, mjukuu akimsaidia kuchambua chinsaga. Ukiwa na hekima, utakaa nje karibu na dirisha na kunyamaza.

Mwambie pia aulize maana ya majina. Akikutana na msichana aitwaye Nyanchera, jina hilo linatokana na enchera, yaani njia. Kwamboka linatokana na kuvuka. Huenda jina la mwanao mwenyewe, ambalo shuleni ni neno tu kwenye rejista, lilikuwa la mtu aliyepita katika boma hilo hilo.

Jioni italetwa obokima, ugali wa wimbi, ndani ya kikapu kiitwacho ekee, pamoja na maziwa ya mgando. Mtoto akikunja pua, usimkaripie wala usimtafutie chipsi. Mwache aone wenzake wakila.

JIWE LA TABAKA NA CHAI YA NYAMIRA

Tengeni siku moja ya Tabaka, kusini-magharibi mwa mji wa Kisii. Huko ndiko linakochimbwa jiwe la sabuni, ambalo linaposafiri hubadilika kuwa vifaru, vinara na sahani katika maduka ya watalii. Jiwe huchimbwa kwa mikono. Mchongaji hulikata kwa panga, akalichonga kwa patasi na kisu, kisha hukabidhiwa wale wanaolisugua kwa msasa na maji, aghalabu wanawake, hadi likawa laini kama shavu la mtoto. Mwisho hupakwa nta ling'ae. Mwombe fundi mmoja amruhusu mwanao kusugua kipande kidogo kwa nusu saa. Vidole vitakapoanza kumuuma ndipo atakapojua thamani ya bakuli ambalo mpita njia huomba apunguziwe bei. Mchukueni somo hilo mkiwa kwenye karakana. Machimboni msimpeleke, kwani mashimo yake ni hatari.

Na mwambie kwamba katika vilima hivyo alitoka Elkana Ong'esa, mchongaji ambaye sanamu yake ya ndege wa amani imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris.

Siku nyingine shikeni barabara ya kwenda Nyamira na Chemosit. Nyamira ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kisii kabla ya kujitenga, na sasa ni kaunti kamili. Ni nchi ya chai, yenye viwanda kama Kebirigo na Sanganyi. Mwacheni mtoto abebe kikapu na achume saa moja: majani mawili na chipukizi, si zaidi. Zinahitajika takriban kilo nne au tano za majani mabichi ili kupata kilo moja ya majani makavu. Ukiomba ruhusa mapema, huenda mkaonyeshwa kiwandani jinsi majani yanavyonyaushwa, kusagwa, kuachwa yageuke rangi, kukaushwa na kuchekechwa. Mkulima hulipwa kiasi kila mwezi, halafu mwishoni mwa mwaka wa chai hupata bonasi. Wengi wa wasomi wanaotoka huko, madaktari kwa mawakili, walisomeshwa na bonasi hiyo. Wewe msomaji ni mmoja wao? Basi mwonyeshe mwanao kichaka kilichokulipia karo.

Kama miguu bado ina nguvu, pandeni Manga. Kutoka kwenye genge hilo, siku isiyo na ukungu, macho hufika mbali hadi upande wa Ziwa Victoria.

MASHAURI YA SAFARI

Usisafiri siku mbili za mwisho kabla ya Krismasi. Nauli hupanda na barabara hujaa. Safirini mchana, mtoto aone njia. Mkirudi, piteni Kericho na Nakuru ili daftari lipate kurasa mpya. Bebeni sweta na viatu vya matope, maana huku mvua ya alasiri ni jambo la kawaida. Radi nayo si ya mzaha: ikianza kunguruma watoto waingie ndani, wasijikinge chini ya mti. Kumbukeni pia kwamba Waadventista wa Sabato ni wengi, kwa hivyo baadhi ya maduka hufungwa Jumamosi.

Nawe mwanafunzi, usingoje mzazi akupangie kila kitu. Andika maswali kumi ya kumuuliza nyanya yako kabla hujaondoka. Ukirudi shuleni, insha ya “Safari Niliyoipenda” haitakuwa tena ile ya ndege na hoteli ambazo hujawahi kuziona.

Gharama ni nauli, zawadi ya sukari na unga, na siku chache za kazi. Yule unayemwendea hana haja ya zaidi ya hapo. Anza leo jioni. Mpigie simu, kisha mpe mwanao azungumze. Mfundishe neno moja tu la salamu ya jioni, bwairire, na umwache magokoro aendelee kutoka hapo.