Fataki mitaani: Starehe ya mmoja, hatari kwa jirani

KILA unapowadia mkesha wa Mwaka Mpya, anga ya Nairobi, Mombasa na Kisumu huwaka kwa rangi na kutetema kwa mishindo ya fataki. Hali huwa hiyo hiyo wakati wa Diwali, na siku hizi hata katika baadhi ya harusi na sherehe za mahafali.

Fataki hizo hazirushwi na hoteli za ufuoni na kumbi za mikutano pekee. Nyingine hurushwa kutoka nyuani mwa nyumba, juu ya paa za magorofa ya kupangisha na hata barabarani katikati ya makazi. Aghalabu anayewasha utambi hajapata mafunzo yoyote ya kazi hiyo, na pengine amekuwa akinywa tangu jioni.

Hapana ubaya kwa watu kufurahi. Tatizo ni kwamba hatari ya fataki haibaki kwa yule aliyeinunua. Inaruka ukuta na kuangukia paa la jirani ambaye hakualikwa, hakuulizwa, na huenda alikuwa amelala. Ndiyo sababu mataifa mengi yanatenganisha kabisa maonyesho yanayosimamiwa na wataalamu na fataki za mtu binafsi mtaani.

Kilichomo ndani

Ili kuielewa hatari hiyo, yafaa kwanza kufahamu fataki ni kitu gani. Kiini chake ni baruti, mchanganyiko uliobuniwa nchini China zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwa kawaida baruti nyeusi huwa na sehemu 75 za shura, sehemu 15 za mkaa na sehemu 10 za kiberiti cha unga, yaani salfa.

Mkaa na salfa ndivyo vinavyoungua. Kazi ya shura ni kutoa oksijeni. Hapo ndipo penye siri ya baruti: haihitaji hewa ya nje ili iwake, kwani imebeba hewa yake yenyewe. Mtu anayedhani kwamba ataizima fataki kwa kuifunika blanketi au kuikanyaga anajidanganya. Itaendelea kuwaka chini ya blanketi hilo, na ikibanwa ndipo hupasuka kwa nguvu zaidi. Maji mengi ndiyo dawa yake, kwa kuwa huyeyusha shura na kupoza moto.

Fataki ya angani huwa na baruti ya aina mbili ya kazi. Ya kwanza hukaa chini na kulisukuma ganda juu kutoka kwenye bomba. Ya pili humo ndani ya ganda hulipasua likiwa angani na kutawanya vidonge vinavyotoa rangi. Strontiamu hutoa wekundu, bariamu hutoa kijani, shaba hutoa buluu, nao unga wa aluminiamu na magnesiamu hutoa weupe unaong'aa.

Mpango huo wote hutegemea jambo moja: bomba lisimame wima na utambi uungue kwa muda uliokusudiwa. Bomba likiinama, ganda hurushwa upande na kupasukia usawa wa vifua vya watazamaji. Utambi ukiungua upesi, ganda hupasukia mkononi. Na ukikawia, mtu huinama kuchungulia kulikoni, uso ukiwa juu kabisa ya mdomo wa bomba.

Yaliyowafika wengine

Mkasa wa Honolulu, jimbo la Hawaii nchini Marekani, unaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kuharibika kwa dakika chache. Jiji hilo lilikuwa limepiga marufuku fataki nyingi za watu binafsi tangu 2011. Hata hivyo, usiku wa kuamkia Januari 1, 2025, familia na marafiki walikusanyika katika nyumba moja mtaani Aliamanu kuukaribisha mwaka kwa fataki za angani.

Kwa mujibu wa polisi, kasha la fataki za kurushwa mfululizo lilianguka ubavu baada ya kuwashwa. Badala ya kupaa, fataki hizo zilielekea kwenye makasha mengine yaliyokuwa hayajawashwa, nayo yakalipuka. Watu sita walifariki, akiwemo mtoto wa miaka mitatu, na zaidi ya ishirini wakajeruhiwa, wengi wao kwa kuungua vibaya. Mwaka huo huo, jimbo hilo liliongeza makali ya sheria zake za fataki.

Kisa hicho kina funzo ambalo wengi hulipuuza. Hatari kubwa haikutokana na fataki moja iliyowashwa, bali na zile zilizowekwa kando zikisubiri zamu. Nyumba yenye makasha ya fataki sebuleni au chini ya ngazi ni ghala la baruti, hata kama mwenyewe haiiti hivyo.

Mjini Los Angeles, Juni 30, 2021, polisi walikuta shehena kubwa ya fataki haramu katika nyumba moja ya makazi. Walipojaribu kuharibu baadhi yake ndani ya gari maalumu la chuma, mlipuko ulilivunja gari lenyewe, ukajeruhi watu 17 na kuharibu nyumba na magari ya majirani. Ikiwa wataalamu wenye vifaa hushindwa kuzidhibiti, mwenye nyumba wa kawaida atafanyaje?

Katika mji wa Enschede, Uholanzi, Mei 13, 2000, bohari la fataki lililipuka na kuua watu 23, wakiwemo wazima moto wanne. Wengine zaidi ya 900 walijeruhiwa na mtaa mzima ukabomoka. Bohari hilo lilipojengwa katika miaka ya sabini lilikuwa nje ya mji. Mji ulikua, nyumba zikalizunguka, na baruti ikabaki pale pale.

Majeraha

Takwimu za Marekani, nchi inayofuatilia jambo hili kila mwaka, zinatisha. Tume ya serikali ya nchi hiyo inayosimamia usalama wa bidhaa ilikadiria kwamba mnamo 2024 watu wapatao 14,700 walitibiwa majeraha ya fataki, na 11 walifariki. Viungo vinavyoumia zaidi ni mikono na vidole, kisha kichwa, uso na macho.

Wazazi wengi huamini kwamba vijiti vya kumetameta, vile watoto wanavyopewa washike mkononi, havina madhara. Ukweli ni kwamba ncha ya kijiti hicho hufikia joto la nyuzi 1,000 hivi za sentigredi. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na sufuria ya aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660. Mzazi asiyethubutu kumpa mtoto kaa la moto humpa kitu chenye joto la kuyeyusha sufuria, tena akiwa amevaa nguo nyepesi za sikukuu. Katika takwimu hizo za 2024, vijiti hivyo vilihusishwa na majeraha yapatayo 1,700.

Masikio nayo hayasalimiki. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mshindo wa ghafla usizidi desibeli 120 kwa mtoto na 140 kwa mtu mzima. Fataki kubwa inayopasuka karibu huweza kuvuka viwango hivyo, na sikio lililoharibiwa ndani halipati nafuu. Aidha, moshi wake huwa mzito kwa wagonjwa wa pumu, hasa unapotanda kwenye vichochoro visivyo na upepo.

Mazingira yetu

Nchini Kenya, hatari hizi huongezwa na namna tunavyoishi. Katika mitaa ya mabanda nyumba zimeshikana, kuta ni za mbao na mabati, na karibu kila chumba kina jiko la mafuta ya taa au mtungi wa gesi. Cheche moja ikipenya, moto hauishii nyumba moja. Katika mitaa ya magorofa, nguo huanikwa kwenye roshani ambazo hutazamana kwa umbali wa mita chache tu.

Pwani, kuna nyumba na hoteli nyingi zilizoezekwa kwa makuti. Makuti makavu hushika moto upesi, na upepo wa kaskazi unaovuma Desemba na Januari huubeba kutoka paa hadi paa. Katika Mji wa Kale wa Lamu, vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba gari la zimamoto haliwezi kupita. Roketi ya fataki, ambayo mrushaji hawezi kuiamuru ianguke wapi, ina nafasi gani mahali kama hapo?

Zaidi ya moto, kuna suala la mshindo wenyewe. Asubuhi ya Agosti 7, 1998, wakazi wengi wa Nairobi waliposikia mlipuko wa kwanza karibu na ubalozi wa Marekani walikimbilia madirishani kutazama. Bomu lenyewe lilipolipuka muda mfupi baadaye, vioo viliwapasukia usoni na wengi wakapoteza macho. Watu zaidi ya 200 walifariki jijini siku hiyo. Kisha yakafuata mashambulizi ya Westgate mnamo 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mnamo Aprili 2, 2015.

Siku kumi tu baada ya mauaji ya Garissa, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wameshambuliwa. Wengine walijirusha kutoka ghorofani, mmoja akafariki na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Hapakuwa na gaidi wala risasi. Palikuwa na mshindo na hofu.

Kwa hivyo, anayelipua fataki usiku wa manane bila kuwaarifu majirani hajui anamwamsha nani. Huenda ni manusura wa mojawapo ya mikasa hiyo, askari aliyerejea kutoka vitani, mgonjwa wa moyo au mtoto mchanga. Wanyama pia huteseka: mbwa hukata minyororo na kutorokea barabarani, na ng'ombe hujigonga uani.

Sheria inasemaje

Wengi hawafahamu kwamba fataki si bidhaa ya kununuliwa na kurushwa kiholela kama puto. Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115 ya Sheria za Kenya, inazihesabu miongoni mwa vilipuzi, na biashara na matumizi yake huhitaji vibali.

Vilevile, kanuni za 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zimezitaja fataki pamoja na shughuli kama ubomoaji na viwanja vya shabaha kuwa mambo yanayohitaji kibali. Kanuni hizo zimeweka kiwango cha kelele katika makazi kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku huhesabiwa kuanzia saa mbili.

Kwingineko pia masharti yameendelea kukazwa. Nchini India, ambako Diwali ni sikukuu ya mamilioni, Mahakama ya Juu iliamua mnamo Oktoba 2018 kwamba fataki za sikukuu hiyo zirushwe kati ya saa mbili na saa nne usiku pekee, na ziwe za aina isiyochafua hewa sana. Uamuzi huo haukuifuta sikukuu, ambayo jina lake lenyewe lina maana ya safu za taa.

La kufanya

Njia iliyo salama zaidi ni wakazi wa mtaa kukusanya fedha na kufanya onyesho moja katika uwanja wa wazi, likiongozwa na mtaalamu mwenye kibali, huku polisi na zimamoto wakiwa wamearifiwa. Kamati za mitaa na wasimamizi wa nyumba za kupangisha wanaweza kuliweka jambo hili katika masharti yao mapema, badala ya kungoja mkesha wenyewe.

Majirani waarifiwe siku kadhaa kabla, ili wenye wagonjwa, watoto na mifugo wajiandae. Fataki iliyokataa kulipuka isikaribiwe wala kuwashwa tena. Imwagiwe maji kwa mbali, kisha ilowekwe kwenye ndoo. Watoto wasiachwe kuokota mabaki asubuhi, kwani ganda linaloonekana limekufa huenda bado lina uhai.

Ajali ikitokea, aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta, unga wala yai, kwa kuwa vitu hivyo hufungia joto na kuleta maambukizi. Jicho lililopigwa na fataki lisifikichwe, lisioshwe wala kubanwa. Likingwe kwa kitu kama kikombe cha karatasi na mgonjwa akimbizwe hospitalini. Kidole kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye barafu. Nambari za dharura ni 999 na 112, na ile ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni 1199.

Wahenga walisema kwamba tahadhari ni kabla ya athari. Mwanga wa fataki hudumu sekunde chache angani, lakini kidole kikikatika hakioti tena, na nyumba ya jirani ikiteketea haijengwi upya kwa kuomba radhi. Anayetaka kuukaribisha mwaka kwa shangwe ana njia nyingi za kufanya hivyo bila kumlazimisha jirani yake kuuanza hospitalini.