Usimpokee Bibi Mzigo Wote

Kijana wa Lizaboni au Bombambili akikutana na bibi mwenye ndoo kichwani hangoji kuambiwa. Anampokea. Ni adabu ya Songea nzima, na asiyeifuata huulizwa kwao ni wapi. Tatizo huanza pale adabu hiyo inapogeuka kuwa utaratibu wa kila siku. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu mtu kuwa mzee anapotimiza miaka 60, umri uleule ambao mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima. Kuanzia hapo familia yenye upendo humvua mzee wake mizigo mmoja baada ya mwingine: leo jembe, kesho ndoo, keshokutwa hata maji ya kunywa analetewa alipokaa. Nadhani tunamkosea. Mwili wa uzeeni unahitaji uzito, tena uzito unaopimwa na kuongezwa kidogo kidogo, na watu wa kutufundisha hilo ni wanyanyua vyuma wa mashindano.

Mtu akishavuka miaka 50 misuli yake huendelea kupungua mwaka hadi mwaka, na nguvu huondoka upesi kuliko nyama yenyewe. Zinazotangulia kunyong'onyea ni nyuzi za misuli zenye kasi, zile zinazomwokoa aliyeteleza kwenye udongo wa masika asifike chini. Dalili ya mapema haihitaji daktari: mzee anaingia chooni, anachuchumaa vizuri, lakini kuinuka ni mpaka ashike ukuta. Husemwa kwamba ni uzee tu. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston, Marekani, waliijaribu kauli hiyo kwa wakazi 10 wa makao ya wazee, watu dhaifu wenye umri wa miaka 90 hivi, waliopewa mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki 8. Nguvu za miguu kwa waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha mikongojo. Kundi lilikuwa dogo mno, ni kweli. Ndiyo maana mwaka 1994 walirudia kwa watu 100, na matokeo yakaelekea kulekule.

Mtu wa Songea atacheka. Bibi wa hapa amelima mahindi tangu usichana, ametwanga, amebeba kuni. Vyuma vya nini tena? Pingamizi hili ndilo zito kuliko yote, na mwanzo wa jibu lake uko kwa jirani. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Walipobeba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa miili yao, hawakutumia nishati yoyote ya ziada kuliko walipotembea mikono mitupu. Ni ustadi wa kuvulia kofia, lakini mimi naona onyo ndani yake: mwili uliozoea mzigo hujifunza kubana matumizi. Ndoo ileile, njia ileile, miaka 40, haiupi sababu ya kujenga misuli mipya. Mnyanyua vyuma hafanyi hivyo. Akizoea kilo fulani anaongeza, anaandika daftarini, kisha anapumzika siku moja au mbili misuli ijijenge. Shamba halijui mpango huo. Desemba linamtoa mtu roho, Agosti linamwacha kivulini.

Vifaa visiwe kisingizio. Fito ya chuma ya mashindano ina kilo 20 kwa wanaume na 15 kwa wanawake, na dumu la lita 20 likijaa maji linaizidi kidogo ile ya wanaume. Kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, dumu huongezwa uzito kwa kikombe, jambo ambalo jimu nyingi haziwezi. Mzee aanze na kiti: akae na kuinuka bila kushika popote, mara 8 au 10, apumzike, arudie. Ikiwa rahisi, akumbatie kidumu cha lita 5 chenye maji nusu. Wa kuinua dumu kutoka chini aliweke kati ya miguu, karibu na mwili, ashuke kwa nyonga na magoti huku mgongo umenyooka, nguvu itoke miguuni. Siku mbili kwa wiki zinatosha. Ndicho kiwango cha chini kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Kinachokwamisha zaidi ni aibu, mama wa miaka 65 kuonekana uani akipiga tizi. Angejua tu kwamba mashindano ya dunia ya wakongwe hugawa wanyanyuaji kwa makundi ya miaka mitano mitano, na lipo la waliovuka 80!

Hofu ya presha ina msingi. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta takriban watu 7 kati ya 10 wenye miaka 70 na zaidi wana shinikizo la juu la damu. Basi apimwe kwanza kituo cha afya, na anapoinua asibane pumzi bali aitoe. Kuhusu mifupa, nchini Australia wanawake waliokoma hedhi, wenye mifupa iliyopungua uzito, walinyanyua vyuma vizito chini ya usimamizi nusu saa mara mbili kwa wiki, miezi 8. Mifupa ya kiuno iliongezeka uzito kwa asilimia 2.9, ilhali ya wenzao waliopewa mazoezi mepesi ilipungua.

Bila chakula misuli haijengeki, na hapa Ruvuma haikosi kitu: maharage, soya, karanga, dagaa wa Nyasa. Ubaya ni mzee kupewa ugali na mchuzi, kitoweo wakapewa vijana. Kibaya zaidi ni kuacha. Wale wazee wa Boston walipoteza asilimia 32 ya nguvu ndani ya wiki 4 tu za kukaa, na mkulima wa Songea hukaa zaidi ya hapo kila mwaka, kuanzia mahindi yanapoingia ghalani hadi mvua za Novemba au Desemba. Miezi hiyo ndiyo ya dumu. Msimu wa kulima ukifika, mara moja kwa wiki itamtosha kulinda nguvu alizokwisha kujenga.