Dawa zilipokwisha nchi ya almasi

Agosti 2025, Rais Duma Boko wa Botswana alitangaza dharura ya afya. Hospitali za umma ziliishiwa dawa na vifaa, wauzaji walikuwa wanaidai wizara zaidi ya pula bilioni 1, na serikali ikatenga milioni 250 za ununuzi wa haraka. Hii ndiyo nchi iliyosifiwa miaka mingi kwa kutunza fedha za madini.

Nchi hiyo haikupewa sifa hizo bure. Ilipojitawala mwaka 1966 ilikuwa na kilomita 12 hivi za barabara ya lami. Mwaka uliofuata almasi ikagunduliwa Orapa, na kufikia 1975 serikali ilikuwa na nusu ya hisa za mgodi, nusu nyingine ikiwa ya kampuni ya De Beers. Baadaye ikajiwekea kanuni: mapato ya madini yasilipie matumizi ya kawaida, yaende kwenye uwekezaji, na ziada iwekwe akiba. Mfuko wa Pula wa kutunza akiba hiyo ukaanzishwa 1994.

Tundu lilikuwa ndani ya kanuni yenyewe. Gharama za kuendesha elimu na afya, mishahara ikiwemo, zilihesabiwa kuwa uwekezaji kwa watu. Hoja ina mashiko, ila mwalimu hulipwa kila mwezi, bei ya almasi ipande isipande. Shule zikatoa wahitimu, lakini kampuni za kuwaajiri na kulipa kodi hazikuongezeka vya kutosha. Almasi ikabaki takriban asilimia 80 ya mauzo ya nje.

Kisha soko likayumba. Almasi za maabara zikashusha bei, na China ikapunguza ununuzi. Debswana, kampuni ya ubia wa serikali na De Beers, ikashusha uzalishaji kutoka karati milioni 24.7 mwaka 2023 hadi karibu milioni 18 mwaka 2024, na uchumi ukasinyaa. Hazina ikachota akiba, madeni yakaongezeka.

Uganda, inayojiandaa kusafirisha mafuta ghafi kwa bomba la kilomita 1,443 hadi Tanga, nayo imeweka kanuni. Sheria yake ya fedha za umma ya 2015 inaelekeza mapato ya mafuta kwenye miundombinu na maendeleo, si matumizi ya kawaida. Ni mwanzo mzuri, ila kila barabara na kila hospitali huzaa gharama za kila mwaka. Kabla ya kupitisha mradi, wabunge waulize: bei ya mafuta ikianguka, ni biashara zipi zitakazolipa kodi ya kuuendesha?